Tuchimbe au Tupime?

Hoja: Miji ya Musoma, Bunda na Butiama ikitaka mabwawa ya kupokea maji ya mvua, ichimbe sasa au itoboe kwanza ardhi ione udongo na maji yaliyo chini?

DIWANI: Nianze mimi, maana mvua ikinyesha usiku simu inayoita ni yangu. Bunda maji yanashuka kutoka vilima vya Balili, yanavuka barabara kuu ya Mwanza na Sirari, yanaingia madukani. Musoma yanateremka mitaani yakielekea Ziwa Victoria na yakifika pa tambarare yanalala. Kila mtoto anajua yanapolala. Panapolala maji ndipo pa kuchimba bwawa. Sasa naambiwa kabla ya kijiko kugusa ardhi nitoboe mashimo, nipeleke udongo maabara, nisimike mabomba ya kusomea maji ya chini, nisubiri. Nisubiri nini wakati maji yenyewe yameshanionyesha mahali?

MHANDISI: Yamekuonyesha yanapofika, mheshimiwa. Hayajakuambia kwa nini hayaondoki. Sababu ni mbili na hazifanani. Ya kwanza, chini kuna mfinyanzi, maji yamekaa juu yake kama chai kwenye sahani. Ya pili, ardhi imeshashiba, maji ya chini yamepanda hadi karibu na uso, kwa hiyo ya juu hayana pa kwenda. Ukiwa juu huwezi kuzitofautisha. Madimbwi ni yale yale. Ukichimba mita tatu penye sababu ya kwanza unapata bwawa. Penye ya pili umechimba kisima kipana.

DIWANI: Kisima nacho ni maji.

MHANDISI: Ni maji, lakini hukukitafuta. Chukua shimo la mita 50 kwa 40, kina mita tatu. Kwenye makaratasi limebeba lita milioni sita. Maji ya chini yakiwa mita moja tu kutoka juu, mita mbili za chini zimejaa kabla wingu halijaonekana. Zimebaki lita milioni mbili. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba ya mji, hata nusu yake tu ikitiririka, inakuletea lita milioni 25. Umelipia shimo zima, mvua umeiachia theluthi.

MCHIMBA VISIMA: Hesabu yako sina ugomvi nayo, mwanangu. Ugomvi wangu ni hayo mashimo ya majaribio. Mnakuja na gari, mnatoboa matundu matatu, mnaondoka na udongo kwenye mifuko ya nailoni, mnaandika kitabu. Bondeni kuna visima vya watu kila baada ya nyumba chache. Vingi tumechimba sisi kwa sururu na ndoo. Kila kimoja ni shimo la majaribio lililokwisha chimbwa. Teremsha kamba yenye jiwe, sikiliza linapogonga maji, pima kamba. Kazi ya asubuhi moja.

MHANDISI: Na ni kazi nzuri, mzee, tena ndipo pa kuanzia. Lakini kisima kinachochotwa kutwa kinadanganya. Maji yake yako chini kuliko yalivyo ardhini pembeni, kwa sababu yamevutwa. Hicho lazima kipimwe kimelala.

MAMA WA BONDENI: Kimelala saa ngapi? Sisi tunachota saa kumi alfajiri ili tuwahi foleni. Labda mje saa nane usiku, na mbwa wa jirani muwajibu nyinyi.

MHANDISI: Basi tutakuja saa nane, mama.

MCHIMBA VISIMA: Hapo umenifurahisha. Sasa nikuulize kingine. Pale Musoma nilishuka mita nne nikagonga jabali. Mwenye nyumba akasema hapa pameisha, ni mwamba. Nikamwomba nisogee hatua sita. Nikashuka mita kumi na moja, kichanga kitupu, sururu haijasikia jiwe. Mashine yako ingegonga lile la kwanza ingeandika nini?

MHANDISI: Mzembe angeandika "mwamba, mita nne". Na mkandarasi angeleta gharama ya baruti kwa eneo zima. Ndiyo hatari ya mawe ya granaiti kama haya ya Mara. Mwamba unaoza ukiwa chini kwa chini, maji yanapita kwenye nyufa zake miaka na miaka, unageuka kichanga, lakini katikati panabaki majabali magumu hayajaoza, yamezungukwa na mchanga kama maharage kwenye wali. Yale mawe makubwa yaliyopandiana juu ya vilima ni hayo hayo, mvua imeyaosha mchanga wake yakabaki uchi. Kwa hiyo ukigonga jiwe hukubali neno lake la kwanza. Unalitoboa mita kadhaa kuingia ndani, kisha unahamia pembeni. Tundu moja halitoshi, na matatu, kama ulivyosema, yanaweza yasitoshe.

DIWANI: Mmeona? Tulianza na matatu, sasa hayatoshi. Kesho yatakuwa thelathini.

MHANDISI: Yatafuata ardhi inavyobadilika. Ikiwa ya aina moja kila upande, matundu machache. Ikiwa inabadilika kila hatua sita, mengi. Hilo siliamui mimi.

DIWANI: Na fedha? Mwaka wa serikali unafungwa Juni 30. Fedha ya maendeleo ambayo haijatumika inaweza kurudi Hazina nikabaki na mabomba yako ya kusomea maji. Wananchi hawatanipigia kura kwa bomba lenye kifuniko. Wakiona kijiko kinachimba, wanajua serikali ipo.

MHANDISI: Hapo ndipo kalenda zetu mbili zinapogombana, na nakiri ni ugomvi wa kweli. Masika inaanza Machi, inakolea Aprili. Maji ya chini hayapandi siku ile ile; yanachelewa, kilele chake mara nyingi ni mwisho wa masika, Mei, pengine zaidi. Kipimo ninachokihitaji kuliko vyote kinapatikana wiki zile zile ambazo mhasibu wako anataka hundi zote ziwe zimetoka. Ukipima Septemba utaambiwa maji yako mita nne, utachimba mita tatu kwa amani, na Mei bwawa litajaa kutoka chini jua likiwaka.

MAMA WA BONDENI: Mnasema "utapima, utachimba" kana kwamba hapo hapakai mtu. Shamba langu la viazi na mchicha liko katikati ya hilo bonde. Siku kijana wenu alipokuja na kamba na vigingi, jioni jirani alikuwa ameshaeneza kwamba nimeuza. Kodi ya chumba changu cha nje ikashuka, mpangaji akaanza kutafuta kwingine. Hapa Bunda tumeona Nyatwali, watu wakitakiwa kuhama kupisha hifadhi, na habari ya fidia ikawa ndefu kuliko masika. Mtu akiona alama ya rangi, hata kama ni ya kupimia udongo, anaanza kufunga mizigo moyoni. Kwenu kipimo ni kipimo. Kwetu ni barua ambayo haijasainiwa.

DIWANI: Mama, hakuna aliyesema utahamishwa.

MAMA WA BONDENI: Hakuna aliyesema sitahamishwa.

(Mwandishi anaomba radhi kuingilia. Katika mabishano ya namna hii wataalamu hupenda kuita hofu hiyo "uelewa mdogo wa jamii". Mama ameelewa vizuri kabisa. Mashimo ya majaribio mara nyingi huchimbwa pale ambapo mtu anakusudia kujenga.)

MCHIMBA VISIMA: Turudi kwenye udongo, maana huyu mama tukimjibu leo tutamwongopea. Tuna aina mbili kubwa ambazo kila fundi anazijua. Kuna kichanga cha miamba huku Musoma, na kuna ule mweusi wa mbuga, wa tambarare za Bunda kuelekea ghuba ya Speke, udongo wa pamba. Ule mweusi kiangazi unapasuka, ufa unameza mguu wa mbuzi. Nimemwona mtaalamu mmoja amechimba kashimo Agosti, kamwaga maji, yamepotea kabla hajafungua daftari. Akaandika "ardhi inakunywa vizuri sana". Nikacheka mpaka nikaketi. Ardhi haikunywa kitu, maji yaliingia kwenye nyufa. Subiri inyeshe siku tatu, udongo uvimbe, nyufa zifunge. Mwaga tena. Utayakuta maji yako kesho, keshokutwa, na vyura juu.

MHANDISI: Ndiyo maana kashimo kanatakiwa kajazwe na kujazwa tena mpaka udongo ushibe, halafu ndipo saa ianze kuhesabu. Tofauti yenyewe ni kubwa mno. Mchanga safi unaweza kushusha maji sentimita 30 na zaidi kwa saa. Mfinyanzi mzito haufikishi hata milimita moja kwa siku. Mtu akikosea hapo, hajakosea kidogo. Na udongo mweusi una kisirani kingine, haukubali kukatwa wima. Kuta za bwawa lazima zilale sana, la sivyo masika ya pili zinateleza zinajaza shimo. Kuta zikilala, bwawa linakula eneo kubwa zaidi.

MAMA WA BONDENI: Eneo langu.

MHANDISI: Ndiyo, mama. Eneo lako.

DIWANI: Mimi nina njia ya mkato na naomba isikilizwe kabla ya kuchekwa. Barabara zetu zimeacha mashimo ya moramu kila upande. Makandarasi walichota changarawe, wakaondoka. Mengi yana maji hata Agosti. Shimo lipo tayari, fidia hakuna, kijiko hakihitajiki. Tuelekeze mitaro humo.

MHANDISI: Sikucheki, mheshimiwa. Ni wazo zuri lenye swali moja tu. Maji ya Agosti yaliyomo ni ya nani? Ni mvua ya Mei iliyonaswa juu ya mfinyanzi, au ni maji ya chini yaliyochungulia baada ya moramu kuondolewa? Kama ni mvua iliyonaswa, unaweza kuyapa njia ya kutoka na shimo likakusubiri tupu. Kama ni maji ya chini, utayatoa Jumatatu na Alhamisi yamerudi.

MCHIMBA VISIMA: Hilo halihitaji maabara. Onja. Yakiwa na chumvichumvi kama ya visima vya jirani, ni ya chini. Yakiwa matamu na machafu, ni ya mvua.

MHANDISI: Kuna mahali ulimi utasema kweli na mahali utapotoka, maana maji ya mvua yakikaa juani miezi mitatu nayo yanakolea. Njia iliyo bora haigharimu zaidi ya ndoo. Siku zisizo na mvua, isimamishe ndoo ndani ya lile shimo, penye kina kifupi, ipe jiwe isielee, mdomo wake ubaki juu ya maji. Ijaze maji ya humo humo mpaka usawa wa nje. Weka alama ndani ya ndoo, weka nyingine kwenye mti uliochomekwa nje. Rudi baada ya siku tano. Ndani ya ndoo maji yamepungua kwa jua tu, kwa ukanda wetu kama milimita tano kwa siku, sema sentimita mbili na nusu. Nje yakipungua sawa na ndani, ardhi haili wala hailishi, ni sahani ya mfinyanzi. Nje yakipungua zaidi, ardhi inakunywa. Nje yakipungua kidogo kuliko ndani, basi kuna mtu anayaongeza kutoka chini, na mtu huyo ni maji ya ardhini.

MAMA WA BONDENI: Na ng'ombe wakija kunywa siku ya pili?

MHANDISI: Wakinywa, tunaanza upya.

MAMA WA BONDENI: Watakunywa. Hayo mashimo ndiyo malambo yetu. Huko Butiama, nje kidogo ya maji ya bomba yaliyoletwa kutoka Mugango, mtu mwenye ng'ombe haliiti shimo la moramu. Ukilikausha ili lisubiri mvua yako, umemnyang'anya.

MHANDISI: Umegusa jambo ambalo michoro mingi inalikwepa. Lambo na bwawa la mafuriko ni ndugu wasioelewana. Lambo kazi yake ni kujaa na kubaki limejaa. Bwawa la mafuriko kazi yake ni kuwa tupu. Likijaa leo, litoe maji polepole, ndani ya siku mbili tatu liwe wazi tena, kwa sababu mvua nyingine iko njiani. Udongo anaousifia mwenye ng'ombe ndio anaoulaani mwenye duka lililofurika. Mfinyanzi wa mbuga unashika maji ya lambo bila gharama. Mchanga wa Musoma unayameza. Kwa hiyo hata majibu ya maabara hayana maana mpaka kwanza tukubaliane tunataka kitu gani. Udongo ule ule ni "mzuri" kwa mmoja na "mbaya" kwa mwingine.

DIWANI: Basi tufanye vyote. Chini lambo, juu bwawa. Nusu ya kina ibaki na maji ya mifugo, nusu iwe ya mafuriko.

MHANDISI: Inawezekana, na kuna mahali panafanyika. Unachimba zaidi, unaweka tundu la kutolea maji katikati ya kina. Lakini hapo ndipo maji ya chini yanapotaka kujulikana kabisa, kwa sababu yakipanda juu ya tundu lako, linatoa maji ya ardhini usiku na mchana, na nafasi ya mafuriko imekwisha.

MCHIMBA VISIMA: Na kichocho? Maji yaliyosimama na majani, konokono hawaachi kuja. Kanda yetu ya ziwa haihitaji kufundishwa kichocho.

MAMA WA BONDENI: Na watoto kuzama. Hamjasema uzio hata mara moja.

DIWANI: Uzio utakuwepo.

MAMA WA BONDENI: Mashimo ya moramu nayo yaliahidiwa kufukiwa. Lakini mimi nina swali la kitaalamu, nisije nikaonekana nalia fidia tu. Injinia amesema ardhi ikinywa ni vizuri. Inakunywa nini? Maji ya barabara yanakuja na mafuta ya gereji, taka za soko, na masika yanapita juu ya vyoo vya shimo. Yakinywewa na kichanga, mita 20 kutoka kisima changu, mimi nachota nini? Na yakipandisha maji ya chini, choo changu kinajaa kutoka chini. Hapo mmenihamisha bila fidia, nikiwa nyumbani kwangu.

MHANDISI: Sina jibu la kukutuliza, mama. Mchanga mwembamba unachuja sehemu kubwa ya uchafu kama kuna unene wa kutosha wa udongo mkavu kati ya sakafu ya bwawa na maji ya chini. Wajenzi wengi hawataki ushuke chini ya mita moja, na hiyo ni masika, siyo kiangazi. Ikipungua, bwawa linageuka mlango wa kuingizia uchafu kisimani. Na kuna sehemu za Butiama ambako suala si choo tu. Upande wa Buhemba dhahabu imechimbwa muda mrefu, wachimbaji wadogo wanatumia zebaki, na miamba ya dhahabu mara nyingi ina aseniki yake ya asili. Pale siwezi kumruhusu mtu achimbe bwawa la kunywesha ardhi kabla maji na udongo havijapimwa kemikali, hata diwani akikasirika.

DIWANI: Nimekasirika kidogo. Weka nailoni chini basi, maji yasinywewe. Biashara iishe.

MHANDISI: Nailoni inazuia kwa pande mbili. Maji ya chini yakipanda na bwawa likiwa tupu, yanaisukuma kutoka chini. Kila mita moja ya kimo ni tani moja kwa kila mita ya mraba. Itafutuka kama puto, itachanika. Tumerudi pale pale, kwamba lazima ujue yanapanda mpaka wapi.

MCHIMBA VISIMA: Mpaka wapi wakati gani? Nyote mnasahau ziwa. Hapa Musoma visima vya karibu na ufukwe vinasoma ziwa. Likipanda navyo vinapanda. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na wazee walitusimulia mashamba yaliyozama. Ile alama ya kimo cha ziwa ya 1964 pale Jinja ilikaa zaidi ya miaka 50 bila kufikiwa, watu wakarudi kujenga chini. Mwaka 2020 ikafikiwa, na Mei 2024 ikapitwa. Injinia akisimika bomba lake mwaka ambao ziwa limeshuka, akasoma masika moja, ataandika namba ya kweli itakayokuwa uongo baada ya miaka mitano.

MHANDISI: Ni kweli. Masika moja hainiambii ziwa litafanya nini.

DIWANI: Asante, mzee! Kama mwaka mzima wa kupima hautoshi, kwa nini nipoteze mwaka?

MCHIMBA VISIMA: Usinishukuru, mheshimiwa. Sikusema msipime. Nimesema msipime mkaondoka. Na ufukweni msichimbe kabisa. Hata sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe.

DIWANI: Haya, nisikilizeni. Nina miezi michache na fedha ambayo haitanisubiri. Nikubali nini na nikatae nini? Nipeni kitu ninachoweza kukisimamia kwenye baraza.

MHANDISI: Gawa kazi. Mitaro na makalavati havihitaji kungoja bwawa. Tumia fedha ya mwaka huu hapo, wananchi waone kijiko. Bwawa lenyewe liingie mwaka ujao. Sasa hivi tuteremshe kamba kwenye visima, tufanye jaribio la ndoo kwenye mashimo ya moramu, tutoboe matundu machache, tuache mabomba. Kutoboa kuwe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, tusije tukasimamishwa njiani.

DIWANI: Mafuriko ya mwaka ujao je? Nitawaambia watu "mvumilie, tunasoma bomba"?

MHANDISI: Ndiyo.

DIWANI: Wewe hujawahi kugombea udiwani.

MAMA WA BONDENI: Mimi ndiye nitakayevumilia, kwa hiyo niseme. Chimbeni matundu yenu, nimekubali. Lakini yafukieni jioni ile ile, nina wajukuu. Kabla ya kutoboa, njooni kwenye mkutano wa mtaa mseme kwa mdomo, na muandike, kwamba kupimiwa siyo kuhamishwa. Na siku ikiwa ni kuhamishwa, nijue kabla ya jirani. Majibu yakitoka yasomwe hapo hapo, kwa Kiswahili, kisima cha nani kina nini. Na hilo bomba la kusomea maji, mnasema lisomwe kila wiki masika nzima. Nani atatoka mjini kila wiki na matope haya?

MHANDISI: Kwa kweli, mara nyingi hakuna. Linasomwa mara mbili, siku ya kusimikwa na siku ya kuandika ripoti. Mara nyingine tunakuta kifuniko kimeibwa na ndani kumejaa mawe.

MAMA WA BONDENI: Basi wekeni kufuli, ufunguo niachieni mimi na daftari. Kamba ninayo.